Pikapu ya Rungwe isikaguliwe kwa macho ya Dar es Salaam

Mafundi wetu wa magari wana orodha isiyoandikwa ya vitu ambavyo mteja hushauriwa aviweke kiporo mpaka mfuko uruhusu. Redio imo, taa ya ndani imo, na kwa upande wa pikapu karibu kila mara imo ile mistari myembamba ya kahawia inayopita mlalo kwenye kioo cha nyuma, inayokipasha joto ili ukungu uondoke. Ikifa, swichi yake hubaki pambo la dashibodi. Gari linauzwa, linauzwa tena, na hakuna anayeuliza. Dar es Salaam uamuzi huo unaeleweka, maana jiji la joto halimpi dereva sababu kubwa ya kubonyeza swichi hiyo. Gari hilohilo likipandishwa hadi Kisondela, wilayani Rungwe, hesabu inabadilika. Katika wilaya hiyo mistari hiyo inastahili kuwekwa kundi moja na waipa na taa za breki, na mwenye pikapu anayeiacha imekufa anaendesha gari lenye hitilafu ya usalama, hata kama injini inanguruma vizuri.

Tuanze na hali ya hewa, kwa kuwa hoja yote imesimama hapo. Tukuyu iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwenye miteremko ya Mlima Rungwe, na eneo hilo ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini: zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya zinazonyesha Dar es Salaam. Masika yakishapita, Juni na Julai huja na baridi, na ukungu hukaa juu ya migomba na mashamba ya chai mpaka jua lipande. Ndizi, maparachichi, viazi na maziwa huanza safari kabla jua halijapanda, kwa sababu soko halimsubiri mtu. Ndani ya kabini wamekaa watu watatu, kwenye dabo kabini watano, makoti yamelowa, viatu vyenye tope vimeloanisha zulia, na madirisha yamefungwa kwa ajili ya mvua. Kila pumzi inaongeza mvuke. Kioo cha nyuma kilichopigwa na mvua usiku kucha ni cha baridi kuliko hewa ya ndani, na mvuke ukikigusa unageuka matone, kama inavyotoka jasho chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji.

Barabara ya Kyela inaongeza tatizo la aina yake. Kyela iko bondeni kando ya Ziwa Nyasa, takriban mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni ya joto na unyevu. Pikapu iliyopakia mchele huko inaondoka na hewa hiyo ndani ya kabini, kisha inapanda zaidi ya mita 1,000 kufika Tukuyu. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, hewa ya nje hupoa kwa nyuzi sita hivi. Kioo hupoa kwanza, hewa iliyofungiwa ndani huchelewa, na kioo cha nyuma kinapofuka huko njiani, mlimani, kwenye kona, mahali ambapo dereva anahitaji kujua nani yuko nyuma yake na kwa mwendo gani. Wa nyuma ni lori, au ni bodaboda iliyobeba abiria wawili. Kwenye njia nyembamba za kuingia vijijini hali ni nyeti zaidi: magari mawili yakikutana mlimani, moja hulazimika kurudi nyuma, na njia hizo ni za watoto wa shule, akina mama wenye mizigo kichwani na ng'ombe.

Jibu la haraka la wengi ni kwamba sisi hatuna theluji, vifaa hivi vilitengenezewa Wajapani na Wazungu. Ni kweli theluji hatuna. Lakini kinachoziba kioo cha Kisondela ni maji yanayotoka ndani ya gari lenyewe, na maji hayo hayahitaji theluji. Yanahitaji kioo cha baridi na watu wanaopumua. Jibu la pili lina uzito zaidi: dereva wa pikapu hutumia saitimira, kwa nini ahangaike na kioo cha nyuma? Nalikubali nusu. Saitimira ni lazima, na keria ikijazwa mikungu ya ndizi hadi juu ya kabini hata kioo kikavu kabisa hakionyeshi kitu. Ila pikapu hairudi imejaa. Mtu anayepeleka mzigo asubuhi anarudi na keria tupu, na madumu ya maziwa hayazibi kioo hata yakipangwa yote. Zaidi ya hapo, saitimira huonyesha ubavuni. Mtoto aliyesimama katikati, nyuma ya mlango wa keria, hayumo ndani yake. Na mvua inayolowesha kioo cha nyuma inazilowesha nazo. Katika hali hiyo dereva anahitaji macho matatu, siyo mawili.

Wapo watakaosema kitambaa cha kufutia kinatosha, lakini kwenye dabo kabini dereva hakifikii kioo bila kugeuka mwili mzima, na abiria akifuta kwa mkono wa koti anaacha utando wa mafuta ambao ukungu huurudia baada ya dakika chache. Kiyoyozi kinasaidia kweli, kwa sababu hukausha hewa, na mwenye nacho kizima akiwashe hata kwenye baridi. Tatizo ni kwamba hewa yake huelekezwa mbele kwanza, kioo cha nyuma hufikiwa mwisho, na pikapu nyingi zilizozeeka gesi yake iliisha siku nyingi.

Inabaki hoja ya fedha, na hapa ndipo ninapoona wamiliki wengi wamepotoshwa. Wanaambiwa kwamba mistari ikifa dawa ni kioo kipya. Mara nyingi sivyo. Mfumo wenyewe ni rahisi: umeme wa volti 12 unatoka kwenye betri, unapita kwenye fyuzi na rilei, unaingia upande mmoja wa kioo kupitia mkanda wa wima, unavuka kioo kwa mistari mingi kwa wakati mmoja, unatokea mkanda wa upande wa pili na kurudi kwenye bodi. Kwa kuwa kila mstari unajitegemea, mmoja ukikatika ni huo tu unaokufa. Kwa hiyo ugonjwa unajionyesha wenyewe. Acha kioo kiingie ukungu, washa injini, bonyeza swichi, subiri dakika kadhaa. Ikiwa ukungu umefutika kwa milia na umebaki mlia mmoja mweupe, mstari huo umekatika, na vingine vyote ni vizima. Ikiwa kioo chote kimebaki cheupe, shida haiko kwenye mistari: ni fyuzi, rilei, swichi, waya wa ardhi, au kile kibati kidogo cha pembeni ambacho waya huchomekwa, ambacho hubanduka kioo kikitikisika kwa miaka kwenye barabara za makorongo.

Kupata mahali penyewe palipokatika ni kazi ya mita ya kawaida ya fundi umeme. Ncha nyeusi inagusa bodi, ncha nyekundu inazungushiwa kipande cha karatasi ya fedha ili isikwaruze, kisha inawekwa katikati ya mstari wakati swichi imewashwa. Mstari mzima husoma karibu volti 6 hapo katikati. Ukisoma 12, umekatika kati ya hapo na upande wa ardhi. Ukisoma sifuri, umekatika kati ya hapo na upande wa moto. Fundi anasogeza ncha taratibu, na pale ambapo namba inaruka ghafla ndipo penye jeraha, pengine dogo kuliko punje ya mchele. Linazibwa kwa rangi maalumu yenye madini ya fedha, inayopitisha umeme, baada ya kubandika utepe wa karatasi wenye gundi juu na chini ili mstari usinenepe. Ni kichupa kidogo, na kisipopatikana Tukuyu kinaagizwa. Kibati kilichobanduka hurudishwa kwa risasi ya kuchomea kwa moto mdogo, au kwa gundi inayopitisha umeme. Supagluu haipitishi, inakishika kibati vizuri na kuuzuia umeme.

Kinachonitia hofu ni ufundi wa mkato. Mistari hii inakula umeme mwingi, ampea 15 hata zaidi, na ndiyo sababu ina fyuzi na rilei yake. Fyuzi ikiungua, yupo atakayeweka kipande cha waya mahali pake, au atakayevuta umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri ili mteja aondoke ameridhika. Waya mwembamba ukilazimishwa kubeba mzigo huo unapata moto nyuma ya siti, penye sponji na magunia. Mwenye gari aulize fyuzi imeungua kwa nini, na asiondoke gereji kabla ya kujibiwa.

Wanaoua mistari hii mara nyingi ni wenye gari wenyewe. Imepigwa upande wa ndani wa kioo, kwa hiyo mzigo wa keria hauigusi. Inauawa na jeki, spana na jembe vinavyosukumwa nyuma ya siti, na wembe wa kubandulia tinti na stika. Nyuma ya siti pawekwe nguo au gunia laini, na kioo kifutwe kufuata mistari, siyo kukatisha.

Wajibu haumwangukii mwenye gari peke yake. Magari ya serikali hununuliwa kupitia GPSA na kutengenezwa na TEMESA, na yapo yanayopangiwa Rungwe, Makete na Njombe, kwenye baridi na ukungu wa mwaka hadi mwaka. Anayeandika vigezo vya pikapu ya kwenda huko aandike kioo cha nyuma chenye mistari ya joto, kwa kuwa magari yaliyotengenezewa nchi za joto mara nyingi huja bila hiyo, na kuiongeza baadaye ni kazi ngumu kuliko kuidai mwanzoni. Vyama vya wakulima na taasisi za dini zinazonunua pikapu za mitumba kutoka Japani zina nafasi nzuri zaidi: gari lililotumika kwenye baridi ya huko linaweza kuwa na mfumo huo tayari, na mnunuzi anachotakiwa ni kuujaribu kabla ya kulipa. Chuo cha VETA Mbeya kinafundisha vijana watakaofanya kazi kwenye ukanda huu huu wa mvua. Kipimo cha volti 6 katikati ya mstari kinafundishika kwa asubuhi moja, kwenye kioo chochote kilichotolewa gari bovu. Na askari wa usalama barabarani wanaokagua magari Tukuyu, wanaobonyeza honi na kuwasha waipa, waongeze swichi moja kwenye ukaguzi wao, kuanzia Mei, kabla baridi haijashika.