Wawindaji Wetu Hawakuwa Washenzi
Iko kasumba moja tuliyoachiwa na ukoloni, nasi tumeipokea kwa mikono miwili: kwamba utamaduni wa nchi hii ulianza kwa jembe na chuma, na kwamba waliotangulia, wawindaji na wachumaji wa matunda ya mwitu, walitangatanga porini kama hayawani. Twaikataa. Chini ya mwamba wa Mumba, kando ya Ziwa Eyasi, wachimbuzi wamefukua zana za jiwe jeusi la volkano, lenye makali kama kioo, lililotoka Bonde la Ufa la Kenya, mwendo wa kilomita zipatazo 300. Hayawani gani huyo afuataye bidhaa mbali hivyo? Huko Kisese, Kondoa, zimepatikana shanga za maganda ya mayai ya mbuni zenye umri wa zaidi ya miaka 40,000, zimetobolewa na kusuguliwa moja moja. Mwenye kuwaza tumbo tu hatungi shanga! Ziwa likajaa, likakauka, likajaa tena, nao wakaishi; sisi wa maofisini, mvua ikichelewa, hungoja tangazo la redio. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wageni huvuka bahari kuja kuitazama. Wanafunzi wetu wangapi wamepelekwa?