Tusingoje Matanga



Sisi wa reli tunaokaa Tuala hatuna lawama katika msiba. Mwenzetu akifiwa, daftari la mchango huzunguka siku ile ile, na gari la kwenda mazishini hupatikana. Lakini twauliza: kwa nini mkono wetu ni mwepesi mbele ya jeneza, na mzito mtu angali hai?

Mwenzetu akishikwa na presha au sukari huficha, akiogopa kupunguziwa zamu. Nasi twamwona anadhoofika, twanyamaza. Hiyo si heshima. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Tumwulize, kisha tumsindikize hospitali. Kila mwezi twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa Bima ya Afya ya Jamii, iliyoshika mahali pa NHIF Oktoba 2024. Na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mgonjwa mwenye cheti cha daktari, akiisha kutimiza miezi miwili kazini, siku zisizopungua 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu. Haki hizo ni zetu, tuzitumie mapema.

Kwa mfiwa, sheria hiyo haikuweka hata siku moja. Siku zake hutegemea mapatano na mwajiri. Basi viongozi wetu wazidai mezani, ziandikwe. Na sisi, matanga yakishaanuliwa, tusimwache mjane peke yake. Mmoja wetu apite kila juma, aulize kama watoto wamekula na karo imelipwa.

Mchango wa jeneza ni mwema. Wa dawa ni bora zaidi.