Wasioshika Panga

Malori yanayotoka Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na Kongo hayapiti Singida kama upepo. Hulala. Mengine hulala Manyoni, mengine Singida mjini, na mengi hulala Misigiri kule Iramba, maana dereva mwenye akili hapendi kuushuka Mlima Sekenke gizani akiwa na tani za saruji mgongoni. Ndiyo maana jua likizama Misigiri utamkuta Mrundi anachemsha chai kando ya tairi, utingo wa Kinyarwanda anapatana bei ya kuku wa kienyeji na kijana wa Kinyiramba, na Mkongomani anauliza vitunguu kwa Kiswahili chake cha Bukavu ambacho watoto wetu wanakicheka mpaka wanashika mbavu.

Hapo Misigiri, ndani ya banda la video lenye mabenchi ya mbao na pazia la gunia, niliitazama filamu ya Kimarekani iitwayo No Escape. Ilitoka mwaka 2015. Ilikuwa imetafsiriwa na mmoja wa mafundi wetu wa kuingiza sauti, watu ambao hawatafsiri tu bali huitunga hadithi upya. Fundi huyu alikuwa ameamua kwamba waasi wote ni Wachina, na aliwaita Wachina mpaka mwisho. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Kumbe hata waliotengeneza filamu hawakusema ile ni nchi gani. Walisema tu kwamba inapakana na Vietnam.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Bwana Jack Dwyer, anayeigizwa na Owen Wilson, anahamia ugenini na mkewe na binti zake wawili kufanya kazi katika kampuni ya maji. Hata hawajafungua masanduku vizuri, mapinduzi yanazuka, kiongozi wa nchi anauawa, na kundi lenye mapanga na bunduki linaingia hotelini kuwasaka wageni chumba kwa chumba. Familia inakimbilia juu ya paa. Kutoka hapo baba anawarusha binti zake, mmoja baada ya mwingine, hadi paa la jengo la pili. Banda zima lilinyamaza. Mzee aliyekaa mbele yangu alivua kofia akaibana kifuani kama yuko msibani.

Nasi tulilia pamoja na Wamarekani wale. Hakuna ubaya katika hilo, maana mtoto ni mtoto. Lakini hebu tujiulize: katika watu arobaini waliokuwa mle ndani, ni nani aliyejiona katika lile kundi? Hakuna. Sote tulijipanga upande wa mgeni anayekimbia, kana kwamba sisi ni wageni siku zote na si wenyeji hata mara moja.

Filamu imetusaidia kudanganyika. Wale wenye mapanga wametengenezwa bila majina, bila wake, bila lugha inayoeleweka. Mwongozaji wake na mmoja wa waandishi wake, John Erick Dowdle, alipata wazo la filamu hiyo baada ya safari ya Thailand mwaka 2006, wakati wanajeshi walipomwondoa Waziri Mkuu Thaksin Shinawatra. Ajabu ni kwamba mapinduzi yale ya Septemba 2006 yalipita bila kumwaga damu. Damu yote unayoiona kwenye kioo ilimwagwa na mtunzi. Filamu ikapigiwa Chiang Mai, Thailand, na ngao za polisi wake zikaandikwa herufi za Kikhmer, tena kichwa chini miguu juu. Serikali ya Kambodia ikaipiga marufuku. Wapo waliosema Kambodia imekuwa nyepesi kuudhika. Mimi nasema wafikirie filamu ya wauaji wenye ngao zilizoandikwa Kiswahili kilichopinduliwa, kisha waniambie kama wangetabasamu.

Hata hivyo nisiionee. Humo yumo Mwingereza, Hammond, anayeigizwa na Pierce Brosnan, ambaye anamweleza Jack jambo zito. Anasema wakubwa zake huzikopesha nchi maskini fedha za miradi ambayo haziwezi kuilipa, kisha huzishika kooni. Na wale wanaokusaka, anasema, nao wanawatetea watoto wao. Maneno hayo hayakai hata dakika mbili, risasi zinarudi. Lakini sisi Watanzania tulipaswa kuyasikia kwa masikio mawili, kwa sababu kampuni ya maji ya kigeni tunaijua. Agosti 2003 maji ya Dar es Salaam yalikabidhiwa kampuni ya City Water, ambayo Biwater ya Uingereza ilikuwa mmoja wa wabia wake. Maji hayakuja kama yalivyoahidiwa. Mei 2005 serikali ikauvunja mkataba, wakuu wake wageni wakaondolewa nchini, na ugomvi ukapelekwa mbele ya wasuluhishi wa kimataifa. Hakuna mtoto aliyerushwa kutoka paa hadi paa. Hasira ilikuwepo, tena kubwa, muulize aliyekuwa akinunua maji kwa dumu kule Manzese. Ila ilipelekwa kwenye makaratasi. Naitaja habari hii ili asiwepo wa kuniambia kwamba kundi la mapanga ni mvua, kwamba ikitaka kunyesha itanyesha.

Sasa tuje karibu zaidi, hapo kwa jirani zetu wa Dodoma.

Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi wilayani Chamwino, walifika watafiti wawili wa Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao. Walikuwa wamekuja kuchukua sampuli za udongo. Udongo, ndugu zangu, ili mkulima ajue shamba lake limepungukiwa na nini. Likaenea neno kwamba ni mumiani, wanyonya damu. Kundi likakusanyika. Watu wale watatu wakauawa kwa silaha za jadi na kuchomwa moto, na gari lao likateketezwa. Hawakuwa wazungu, wala hapakuwa na mapinduzi. Walikuwa Watanzania, wanazungumza Kiswahili kama wewe na mimi.

Tangu siku ile siwezi kuitazama sinema ya namna hii nikajiweka upande mmoja tu. Wanakijiji walioshika silaha siku ile asubuhi yake walikuwa watu wa kawaida. Huenda wengine walikuwa wametoka kulisha ng'ombe. Kundi halizaliwi na mama mmoja wala halina kabila. Ni jirani yako aliyesikia kelele akatoka mbio kabla hajauliza. Na sisi wa Singida tusijivike kanzu nyeupe. Tunaijua ile sauti ya "mwizi!" inayopigwa stendi, na tunajua jinsi mikono inavyojaa mawe kabla mtu hajaulizwa jina. Mimi mwenyewe, nikiwa kijana, niliwahi kukimbia nyuma ya sauti ya namna hiyo nikiwa na jiwe mkononi. Aliyekuwa akifukuzwa alikuwa mgonjwa wa akili kutoka kijiji cha pili. Alinusurika kwa sababu mama mmoja muuza ubuyu alimkalia. Ndiyo, alimkalia kabisa, akatandaza kitenge chake juu yake, akatuuliza ni nani kati yetu atakayeanza kumpiga yeye. Jiwe langu nililidondosha kimyakimya nikajifanya napita njia.

Mwaka uleule wa filamu, 2015, mambo ya kwenye kioo yalitokea kweli kando ya Ziwa Tanganyika. Tarehe 13 Mei, Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi akiwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa wakuu wa nchi, Jenerali Godefroid Niyombare alitangaza redioni Bujumbura kwamba amempindua. Jaribio lilishindwa kwa muda mfupi, lakini watu walikuwa wameshaanza kukimbia tangu Aprili. Makumi ya maelfu walijikuta Kagunga, kijiji kidogo cha wavuvi mkoani Kigoma, kilichobanwa kati ya mlima na maji. Kipindupindu kikaingia. Meli kongwe ya MV Liemba ikawa inawachota, safari baada ya safari, kuwapeleka Kigoma mjini. Katika filamu familia ya Dwyer inavuka mto kwa mtumbwi kuingia Vietnam, muziki unapanda, na hadithi inaisha. Kagunga hadithi ilianzia pale walipovuka. Ni nani aliyewapa maji ya kunywa usiku wa kwanza? Walijisaidia kwenye choo cha nani? Hayo hayapigiwi filamu.

Barabara hii inayopita Misigiri ndiyo inayofika Rusumo, kwenye daraja ambalo mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao robo milioni walilivuka kwa siku moja. Na hapo Tabora, mkoa tunaopakana nao, ipo Ulyankulu, ambako Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa ardhi, wakalima, wakazaa, na mwaka 2014 wengi wao wakawa raia wenzetu. Tuna haki ya kujivunia hayo. Tuna wajibu pia wa kukumbuka kwamba Desemba 1996 tuliwarudisha Wanyarwanda kwa amri na askari, na kwamba Operesheni Kimbunga ya 2013 iliwatoa Kagera, Geita na Kigoma watu wengi walioishi nasi miaka. Ukarimu wetu una vipindi, kama mvua za Singida.

Na watoto wetu nao wako nje. Aprili 2023, katika mwezi wa Ramadhani, jeshi la Sudan la Jenerali Burhan na wapiganaji wa hasimu wake Hemedti walianza kupigana Khartoum, ambako vijana wa Kitanzania walikuwa masomoni. Uwanja wa ndege ulikuwa vitani tangu siku ya kwanza, kwa hiyo ndege haikuweza kuwafuata. Walitoka kwa mabasi hadi Ethiopia, na huko ndipo ndege yetu ilipowachukua, wakafika Dar es Salaam tarehe 27. Tulipiga picha za ndege. Ilistahili kupigwa picha. Lakini basi halijiendeshi, na siku zote zile za milio ya mizinga kabla ya safari, mtu hali ubalozi. Hula mkate aliouziwa na jirani ambaye angeweza kukataa kuuza. Mwaka mmoja kabla yake, vita ilipoanza Ukraine, Waafrika kadhaa walisimulia jinsi walivyosukumwa nyuma kwenye foleni za treni na mipakani kwa sababu ya rangi yao, mpaka Umoja wa Afrika ukatoa tamko. Treni zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kusema, huyu naye apande.

Wala tusidhani ni lazima mtu awe ng'ambo ndipo akwame. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, na kwa siku kadhaa wazazi wengi wa huku bara hawakujua kama watoto wao walioko mjini wamelala ndani au wamelala wapi. Nami nilikuwa mmoja wao. Mwanangu amepanga chumba kwa mjane mmoja ambaye sikuwahi kumsalimia hata kwa simu. Usiku ule nilitamani kulijua jina la mama yule kuliko nilivyotamani kulijua jina la waziri yeyote.

Kwa hiyo nawasihi mambo madogo, msiyadharau. Wewe mzazi unayemsafirisha mwanao, usimkabidhi nauli na dua peke yake. Mwambie ajiandikishe ubalozini, ndiyo, na akariri namba zenu kichwani kwa siku ambayo simu itazimika. Lakini mwambie pia ajifunze salamu ya watu wa kule wiki ya kwanza, amjue muuza duka wa kona, aende msibani mtaani akialikwa na hata asipoalikwa. Mtoto anayejifungia na Watanzania wenzake anajenga hoteli ile ile ya Bwana Dwyer, na hoteli kundi linaijua ilipo.

Wewe mwenyekiti wa kitongoji, wewe mtendaji wa kijiji, akifika mtu mwenye gari la serikali au la utafiti, usiipokee barua yake na kuifungia kabatini. Mtembeze. Msimamishe mbele ya watu kisimani na mnadani, aseme jina lake na kilichomleta. Mchungaji na shehe wana sauti kuliko polisi. Watangaze kanisani na msikitini kwamba kuna mgeni na anachimba udongo kwa sababu hii. Uvumi hupenda mtu asiye na jina.

Na wewe kijana wa bodaboda, ambaye ndiwe wa kwanza kufika kila panapopigwa kelele, ukifika uliza swali moja kwa sauti kubwa: nani aliona? Si nani alisikia. Mara nyingi hakuna atakayejibu, na wakati watu wanatazamana, yule aliyezingirwa amepata dakika tano. Yule mama wa ubuyu hakuwa na zaidi ya hizo.

Filamu ilipokwisha Misigiri taa ya banda ikawashwa, vumbi likaonekana, na watu wakaanza kutoka wakibishana kama kweli mtu anaweza kumrusha mtoto umbali ule. Utingo mmoja Mrundi alikuwa benchi la nyuma. Hakubishana na mtu. Alikuwa ameketi tu, mikono katikati ya magoti, akitazama kioo kilichozimwa. Mjukuu wangu, darasa la tano, akanivuta mkono. "Babu," akaniuliza, "mji ule ulikuwa mkubwa. Wale wengine, wasioshika panga, walikuwa wapi?"

Nilifungua mdomo nimjibu kwamba mtengenezaji hakuwapiga picha. Utingo akanitangulia. Akainuka, akakung'uta suruali, akamwambia mtoto kwa upole kwamba walikuwa wamefunga milango. Kisha akaenda kwenye gari lake kulala.