Kesi ya Kipigo Isiishie Uani

Wazee wetu, akina mama, vijana wa Mpala, nanyi wenye maboti: naomba tuzungumze juu ya mbuzi.

Mwanamke anapigwa na mumewe hadi uso unavimba, anakimbilia kwao. Baba yake anawaza mahari, huenda akadaiwa airudishe. Wajomba wanaitwa, upande wa mume unaleta mbuzi na pombe kidogo, kila mtu anasema lake, na jioni mama anarudishwa kwa mumewe. Mbuzi ameliwa na ukoo. Aliyeumizwa hakuambulia hata dawa ya maumivu.

Siwadharau wazee. Wamezima magomvi mengi ambayo mahakama ingeyachochea tu. Lakini kumpiga mtu si ugomvi wa mpaka wa shamba. Kanuni ya adhabu ya Kongo, kifungu cha 46, inaweza kumpeleka gerezani siku 8 hadi miezi 6 yeyote anayempiga mwenzake kwa makusudi. Kipigo kikimletea ugonjwa au kumfanya ashindwe kazi, kifungu cha 47 kinasema miaka 2 hadi 5. Vifungu hivyo havimwachi mume nje, wala havidai cheti cha ndoa. Nalisema hili kwa sababu mama ambaye ndoa yake haikuandikishwa serikalini hudhani hana pa kusimamia. Anapo. Na kwa ukatili wa kingono, sheria za tarehe 20 Julai 2006 ni kali zaidi: hata faini ikilipwa, kesi haifi.

Kuna watakaonijibu kwamba sheria ya familia inamwita mume mkuu wa nyumba. Ni kweli, na marekebisho ya mwaka 2016, yaliyomwondolea mke mzigo wa kuomba ruhusa ya mume ili afunge mkataba, yaliliacha neno hilo palepale. Ila ukuu wa nyumba si kibali cha fimbo. Ibara ya 14 ya Katiba inaiagiza serikali ipambane na ukatili dhidi ya mwanamke, hadharani na faraghani. Na wasiseme ni mambo ya nyumba chache: uchunguzi wa afya wa taifa wa 2013-2014 ulikuta zaidi ya nusu ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wameshapigwa tangu walipotimiza miaka 15.

Basi tufanyeje? Kwanza apelekwe kwa muuguzi au daktari siku ileile. Alama ya mkanda mgongoni haikai sana. Ikififia, linabaki neno lake dhidi ya neno la mume. Aombe iandikwe tarehe, jeraha liko wapi, na siku ngapi hataweza kulima wala kubeba maji, kwa kuwa huko kushindwa kazi ndiko kunakotenganisha vifungu vile viwili. Karatasi hiyo atunziwe na dada yake au jirani, isilale chini ya godoro la nyumba aliyopigiwa. Wazee, mbuzi asipokelewe kabla haijaandikwa.

Polisi na parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, viko mbali, na hapo ndipo wengi huchoka. Wenye maboti, mama anayekwenda Kalemie na kesi yake mpeni nafasi bila nauli, yeye na mtu wa kumsindikiza. Akifika asikate tamaa kwa kukosa pesa ya avoka: sheria ya mawakili ya 1979 inataka kila baraza lao liwe na ofisi ya ushauri wa bure kwa maskini. Mwanamume anayepigwa nyumbani naye aende bila haya, sheria ni ileile.

Mpala imeshawahi kuwa kimbilio. Wamisionari walipoipokea kutoka kwa ofisa Mbelgiji Storms mwaka 1885, watu waliowakimbia wauza watumwa walijikusanya hapa. Leo nayo iwe hivyo kwa mama anayepigwa: nyumba moja kwa kila mtaa, ya mama anayeheshimika, yatosha kumlaza aliyetoroka usiku.

Waheshimiwa wabunge wa jimbo letu la Tanganyika, ninyi nawaomba jambo moja. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, sheria ya ndoa ya Tanzania imekataza tangu 1971 mtu kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Zambia ilitunga sheria yake mwaka 2011, nayo inamruhusu hakimu kumwamuru mkatili asimsogelee mwenzake. Burundi ilifuata mwaka 2016. Sisi bado hatuna sheria maalumu ya ukatili wa nyumbani. Pelekeni muswada wake Kinshasa.