Nauli ya Vidonge: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya

Mheshimiwa Waziri,

Kila Jumanne ya mwisho wa mwezi, mwanamke mmoja wa kikundi chetu huamka saa tisa usiku, hufunga madaftari 19 ya kliniki kwenye kanga, na kuwahi basi la kwanza kwenda mjini kufuata dawa za watu wasioweza kwenda wenyewe. Wengi wao wana kifafa. Wengine wana ugonjwa ambao waganga wa hospitali huuita skizofrenia na majirani huuita wazimu. Wawili ni wazazi walioanza kuumwa baada ya kujifungua. Nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 14,000, na inatoka kwenye mfuko wa jamii wa VICOBA yetu, kikundi cha kuweka na kukopa fedha, ule ule unaonunua sanda.

Tulianza kwa sababu ya kaka yangu. Alikuwa kidato cha tatu alipoanza kusikia watu wakimwita kutoka juu ya paa. Nyumbani tulifanya kila tuliloambiwa. Mganga wa kwanza alichukua mbuzi, wa pili akaondoka na baiskeli ya baba, na kwa miezi mitano kaka alishinda chini ya mwembe nyuma ya nyumba, mguu wake umefungwa mnyororo. Mama alimlisha na kumwogesha hapo hapo, na ufunguo wa kufuli aliuvaa shingoni. Simhukumu. Mtoto anayekimbilia relini usiku angemlinda kwa lipi? Zahanati ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu, na ndani yake hapakuwa na hata kidonge kimoja cha ugonjwa ule.

Alipofikishwa hospitali akaanza kuchomwa sindano ya kila mwezi. Wiki ya sita aliomba jembe. Alilima ufuta misimu minne, akaezeka nyumba ya mama kwa bati. Kisha baba akafariki, fedha ikawa ya shida, miezi mitatu ikapita bila sindano, na mama akautoa mnyororo stoo. Ni nauli tu iliyokuwa imekosekana. Siku ile nilikwenda kwenye kikao cha VICOBA nikiwa sijalala, nikaomba mfuko wa jamii utumike kwa mtu aliye hai. Kina mama walinyamaza kidogo, halafu mmoja akasema na yeye ana binti wa kifafa ambaye humfungia ndani anapokwenda shamba. Mwingine akasema ana mume. Kabla kikao hakijaisha tulikuwa na majina matano.

Mheshimiwa, nimesoma habari za Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe. Mwaka 2005 alimpoteza mgonjwa wake, msichana aliyejiua. Msichana yule alitakiwa kurudi hospitali, lakini familia haikuwa na nauli ya basi, dola 15. Mwaka uliofuata Chibanda alianza kazi na bibi 14 wa Mbare, mjini Harare. Aliwafundisha kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsikiliza mtu mwenye kile ambacho Washona hukiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Sisi tunasema ana mawazo. Utafiti uliofanywa kwenye zahanati 24 za jiji hilo na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliokaa na bibi hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Habari hiyo husimuliwa sana kama sifa ya bibi, na wanastahili. Mimi macho yangu yalibaki pale lilipowekwa benchi. Liko uani pa zahanati. Bibi akimwona mtu aliyemzidi uwezo, ana mlango wa kumwelekeza, na nyuma ya mlango kuna muuguzi aliyefundishwa. Kina mama wa kwetu benchi tunalo, tena chini ya mti wenye kivuli kizuri. Mlango ndio hatuna.

Na kwa kuwa hatuna, tumeshakosea. Mwaka jana kijana mmoja alibadilishiwa dawa. Mwenzetu aliyekuwa zamu alimletea vidonge akampa kama alivyoandikiwa. Siku ya tatu shingo ilipinda upande, ulimi ukawa mzito, mate yakamtoka, na familia ikaamini pepo amerudi. Walimpeleka kwenye maombi usiku kucha. Yalikuwa madhara ya dawa ya kawaida kabisa, haloperidol, na kidonge cha kuyatuliza kipo na ni cha bei ndogo. Tabibu angemwona kwa dakika mbili angejua. Ndiyo maana kwenye dirisha la dawa hospitalini wakituambia "mleteni mgonjwa mwenyewe" siwezi kuwakasirikia, maana wana haki ya kutaka kumwona. Lakini watu 19, wengine wakiogopa hata kelele za basi, kwa shilingi 14,000 kila mmoja kila mwezi, mfuko wetu ungekauka kwa safari moja.

Tena wakati mwingine tunafika na dawa haipo. Kwa sera ya nchi, ugonjwa wa akili ni miongoni mwa magonjwa sugu yanayosamehewa gharama. Msamaha huo unaishia pale tunapopewa karatasi tukanunue duka la dawa.

Mkoa huu wa Morogoro haukuwa nyuma kwa huduma hizi, Mheshimiwa. Huko Mahenge, mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa akiwatibu kwa phenobarbital watu waliokuwa wakitengwa hadi kwenye chakula, maana iliaminika mate ya mwenye kifafa yanaambukiza. Imani hiyo bado naikuta kwenye misiba. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, mpango wa taifa wa afya ya akili ulianzia majaribio yake kwenye mikoa miwili, Kilimanjaro na huu wetu. Wazo lilikuwa hilo hilo ninaloliomba leo: mgonjwa atibiwe karibu na kwake, na wahudumu wa kawaida wa vituo vya afya na zahanati waliofundishwa kazi hiyo. Muuguzi mmoja mstaafu wa kijiji cha jirani bado anaikumbuka semina aliyohudhuria akiwa kijana, na kopo la vidonge lililokuwa kwenye kabati lake. Fedha za wafadhili ziliisha, kopo likaisha, na waliofundishwa wakastaafu mmoja mmoja bila kurithisha. Mzee huyo sasa ndiye anayetusomea madaftari, bure, akiwa na miaka zaidi ya 70.

Kwa hiyo sikuombi ujenge hospitali. Hospitali ya Mirembe ipo Dodoma tangu enzi za Mwingereza, na huko Korogwe wamisionari wa Kijerumani waliigeuza Lutindi kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1904. Zinahitajika na ziendelee. Lakini kaka yangu hakuhitaji kitanda. Alihitaji sindano moja kwa mwezi, karibu na shamba lake.

Naomba zahanati ya kijiji iwe na dawa za msingi zisizokatika, za kifafa, za sonona na za wagonjwa kama kaka yangu, pamoja na zile za kutuliza madhara yake, na tabibu aliyefundishwa kuziandika na kumfuatilia anayezitumia. Najua zahanati zinasimamiwa na halmashauri chini ya TAMISEMI. Lakini miongozo ya tiba hutoka wizarani kwako, na tabibu wa zahanati haagizi asichoruhusiwa kutoa.

Jambo la pili linawahusu wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mpango jumuishi uliozinduliwa Januari 2024 unakusudia kuwapata 137,294 katika miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa. Nimeufurahia kuliko jambo lolote la serikali kwa miaka mingi, kwa sababu kitongoji ndipo mnyororo ulipo. Hawa ndio watakaoingia uani na kuona chumba kilichofungwa kwa nje. Naomba mafunzo yao ya miezi sita yawape muda wa kutosha wa kujifunza dalili za ugonjwa wa akili, namna ya kukaa na mtu mwenye mawazo bila kumhubiria, dalili za madhara ya dawa, na nini cha kufanya mgonjwa anapoacha kunywa. Wafundishwe pia kuzungumza na waganga wa kienyeji. Mmoja wa kijijini kwetu sasa hutuletea watu yeye mwenyewe. Aliniambia alikuwa akijua siku zote kwamba kuna wasiomhusu, ila hakuwa na pa kuwapeleka.

Na kuna sheria. Kanuni ya Adhabu inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Mwaka juzi kijana wa jirani yetu alijaribu kujitoa uhai, na ndugu zake walipoteza saa nzima wakibishana ukumbini iwapo wakimpeleka hospitali polisi watamkamata. Alipona, na hadi leo kwao husema alianguka. Mhudumu wetu atamuulizaje mtu kama huyo, "unafikiria kujidhuru?" ikiwa jibu la kweli ni kukiri kosa? Mahakama Kuu ya Kenya, Januari 2025, ilitamka kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na katiba yao. Ghana ilikifuta chao mwaka 2023. Najua hili ni la Bunge na la wenzako wa Katiba na Sheria, lakini sauti ya Waziri wa Afya ndiyo inayoweza kuwaambia kwamba watu hawa ni wagonjwa wetu.

Kaka yangu hajambo. Mnyororo mama aliuuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na msimu huu kaka amelima ekari moja na nusu. Zamu ya mwezi huu ni yangu, na tangu wiki iliyopita madaftari yamekuwa 20, kwa sababu binti mmoja aliyerudi kutoka Dar es Salaam haongei wala hali. Baba yake ameniuliza kama naweza kumchukulia dawa. Nimemjibu kwamba lazima aonwe kwanza, kwa hiyo Jumanne tutapanda basi sisi watatu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mama wa VICOBA,
Morogoro