UKURASA WA NYUMBANI: Jozi Moja ya Viatu, Miguu ya Ndugu Watatu

Juma hili tumeyaweka kando mapishi na ushonaji ili tujibu barua ya mama mmoja wa Luzira, mashariki ya Kampala, ambaye nyumba yake haiko mbali na bandari ya Port Bell. Barua yenyewe ni fupi, lakini ina uzito, nasi twaamini kuwa iko nyumba nyingine nyingi yenye shida kama hiyo.

Mama huyu ana wana watatu, wa miaka kumi na saba, kumi na mitano na kumi na minne, ambao miguu yao imekaribiana kwa ukubwa. Wote ni wachezaji wa mpira wa miguu, na wote watatu wana jozi moja tu ya viatu vya njumu. Viatu hivyo mkubwa wao alivinunua katika soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni soko la St. Balikuddembe, kwa fedha alizozipata kwa kubeba mizigo wakati wa likizo. Miezi miwili haijapita, nyayo za kiatu cha kulia zimeanza kuachana na ngozi, ndani mna uvundo usiosemeka, na mdogo wao amepatwa na muwasho na vidonda baina ya vidole. Ndugu wanalaumiana kila jioni. Baba yao amekata shauri kwamba viatu vitiwe moto, na mpira ukome katika nyumba yake. Mama anauliza, “Je, viatu hivi vyaweza kuokolewa? Na je, ni kosa ndugu kuvaa kiatu kimoja?”

Jibu letu kwa swali la kwanza ni kwamba, maadamu ngozi ya juu haijapasuka, viatu vyaokolewa. Jibu la swali la pili litafuata kwa utaratibu wake. Kwanza twamwomba baba, kwa heshima zote, aizuie njiti yake ya kiberiti. Luzira si mahali pa kumwambia kijana kwamba mpira ni upuuzi. Klabu ya Magereza ilitwaa ubingwa wa ligi ya Uganda mwaka 1968, ikautwaa tena mwaka 1969, na hata nyuma ya kuta za gereza kuu la hapo Luzira wafungwa wamekuwa na ligi yao kwa miaka mingi, yenye timu zilizojipa majina ya vilabu vya Ulaya kama Manchester United na Liverpool. Mahali ambapo mpira umethaminiwa kiasi hicho, kiatu cha mpira ni chombo cha kazi, na chombo cha kazi hutunzwa.

Tutazame sasa ni kitu gani kilichoviua viatu hivi kabla ya wakati wake. Luzira imekaa ukingoni mwa Ziwa Victoria, na hewa yake ina unyevu karibu mwaka mzima. Mvua kubwa hunyesha tangu Machi hadi Mei, kisha hurejea baada ya Agosti. Kiatu kilicholowa hakikauki upesi katika hewa ya namna hiyo, na kisichokauka huota ukungu. Kwa sababu hiyo watu wengi hufanya kosa ambalo mama mwenyewe amelikiri katika barua yake: jioni viatu huwekwa kando ya jiko la makaa ili asubuhi viwe vikavu. Moto huo ndio uliozibandua nyayo. Gundi inayoshika soli hulainika kwa joto kali, nayo ngozi hupoteza mafuta yake, ikawa ngumu na kupasuka. Jua kali la mchana hufanya kazi hiyo hiyo, ingawa polepole zaidi. Tope nalo ni adui wa tatu, kwani linapokauka juu ya ngozi huifyonza, likaiacha kavu kama gamba la mti.

Tena tope huharibu mchezo wenyewe. Tarehe 4 Julai 1954, mjini Bern katika Uswisi, Ujerumani Magharibi iliishinda Hungaria kwa mabao 3 kwa 2 katika fainali ya Kombe la Dunia, huku mvua ikinyesha. Wajerumani walivaa viatu vilivyotengenezwa na Adi Dassler, ambavyo njumu zake ziliweza kufunguliwa na kubadilishwa, na siku ile walitia njumu ndefu zilizofaa uwanja uliolowa. Vijana wetu hawana njumu za kubadili, lakini somo ni lile lile. Tope likijaa baina ya njumu, njumu ndefu huwa fupi, na mchezaji huteleza. Anayesafisha viatu vyake hapati urembo tu, hujiongezea na uwezo wa kusimama imara.

Basi utaratibu wa usafi ni huu ufuatao.

Kwanza, mara baada ya mchezo, viatu vifunguliwe kamba kabla ya kuvuliwa. Kuvivua kwa kukanyaga kisigino hukivunja kisigino, na kiatu kilichovunjika kisigino hakishiki tena mguu. Kisha zigonganishwe soli mbili hapo hapo uwanjani ili tope la majimaji lidondoke. Lililobaki baina ya njumu liondolewe kwa kijiti cha mti. Kisu hakifai, kwa kuwa huchana soli.

Pili, nyumbani zitolewe kamba na soli za ndani. Hizi zifuliwe peke yake kwa sabuni ya mche na maji, kisha zianikwe. Soli ya ndani ndiyo inayonywa jasho, na kuiacha ndani ya kiatu kilicholowa ni kuufuga uvundo.

Tatu, twaa maji ya baridi au ya vuguvugu katika bakuli, uchovye mswaki mkuukuu, uupake sabuni ya mche kidogo, usugue ngozi ya juu kwa upole, na mishono kwa uangalifu zaidi. Halafu futa povu kwa kitambaa safi kilichochovywa na kukamuliwa. Viatu visilowekwe katika ndoo, hata kwa dakika chache, kwa maana maji huingia katika mishono na gundi. Sabuni kali ya unga huiondolea ngozi mafuta yake, nayo maji ya jiki huila ngozi, nyuzi na rangi pia. Vyote viwili haviingii katika kazi hii.

Nne, twaa gazeti la zamani, hata hili ulisomalo baada ya kulimaliza, ulikunjekunje na kulishindilia ndani ya kiatu mpaka katika ncha ya vidole. Karatasi hufyonza maji na hulinda umbo la kiatu. Baada ya saa moja au mbili itolewe, itiwe nyingine kavu, na ifanyike hivyo mara kadhaa. Viatu vikae kivulini mahali penye upepo, mbali na jiko na mbali na jua, siku nzima au mbili kwa kadiri ya hewa. Subira hiyo ndiyo dawa ambayo jiko la makaa haliwezi kuitoa.

Tano, kiatu cha ngozi halisi kikisha kukauka, kipakwe rangi ya viatu au mafuta ya mgando kiasi kidogo sana kwa kitambaa laini, kisha kisuguliwe. Mafuta ya kupikia yasitumiwe, kwani huchacha, yakanuka na kuita mende. Kiatu cha ngozi bandia hakihitaji mafuta, kufutwa kwake kwatosha.

Kuhusu nyayo zinazobanduka, zipelekwe kwa fundi viatu leo, wala si kesho. Aombwe asafishe gundi ya zamani, abandike upya, na tena ashone kwa uzi imara kuzunguka ukingo, maana gundi peke yake haitastahimili miguu ya vijana watatu. Gharama ya kushona kipande kidogo ni nafuu kuliko kununua jozi nyingine. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Vilevile vijana waonywe wasitembee na viatu vya njumu juu ya lami wala sakafu ya saruji. Viatu vichukuliwe mkononi hadi uwanjani, maana barabara hula njumu kuliko uwanja.

Sasa twaja kwa jambo zito zaidi, yaani mguu wa mtoto mdogo. Muwasho baina ya vidole, ngozi nyeupe iliyolainika na kuchanika, pamoja na harufu, aghalabu ni ugonjwa wa fangasi wa miguu. Fangasi hupenda mahali penye joto, giza na unyevu, na ndani ya kiatu cha mpira vyote vitatu vimo. Huambukiza kwa kiatu, kwa soksi, kwa taulo na kwa sakafu ya bafu. Kwa hiyo, ndugu kuvaa kiatu kimoja si dhambi, bali kukivaa bila taratibu ni kuazimana maradhi.

Katika miji mikubwa kuna kumbi za mchezo wa boling, ambamo wachezaji huvingirisha tufe zito ili kuangusha vigingi kumi. Mchezo huo una viatu vyake vyenye soli laini, na mgeni asiye na vyake huazimwa vya ukumbi, akaviacha kwa mwingine atakayekuja baada yake. Jozi moja yaweza kuingiwa na miguu ya watu wengi kwa siku moja. Ukumbi unaojiheshimu hunyunyiza dawa ndani ya viatu kila vinaporudishwa, na mteja huvaa soksi. Ikiwa wageni wasiojuana wanaweza kuchukua tahadhari hiyo, ndugu wa tumbo moja hawana udhuru.

Kwa hiyo twapendekeza kanuni nne kwa nyumba ya mama huyu. Kila kijana awe na soksi zake, zifuliwe kila baada ya mchezo, na hakuna anayemwazima mwenzake. Kila kijana awe na soli zake za ndani, alizozitia alama. Fundi aweza kuzikata kutoka katika kipande cha sponji kwa gharama ndogo. Viatu visivaliwe na mtu wa pili kabla ya kukauka kabisa, na kabla ya hapo ndani yake pafutwe kwa kitambaa chenye spiriti kidogo ili kupunguza vijidudu. Mwisho, kila mtu aoshe miguu kwa sabuni na kukausha baina ya vidole kwa taulo lake mwenyewe. Soda ya kuokea, kijiko kimoja cha chai katika kila kiatu usiku kucha na kukung'utwa asubuhi, huondoa harufu. Ifahamike tu kwamba hiyo si dawa ya fangasi.

Mdogo aliyekwisha kuugua asivae viatu hivyo mpaka apone. Katika maduka ya dawa kuna malhamu ya klotrimazoli, ambayo hupakwa kama mfamasia atakavyoelekeza. Wengi huacha kuipaka muwasho unapokoma, na hapo ndipo ugonjwa hurudi. Yafaa iendelezwe kwa majuma mawili zaidi baada ya dalili kutoweka. Ikiwa mguu umevimba, unatoa usaha, au kama mgonjwa ana kisukari, asingoje malhamu, apelekwe kwa mganga hospitalini.

Lipo neno moja la mwisho, nalo si la sabuni wala la gundi. Mama ameandika kwamba kazi ya kusafisha viatu huifanya yeye, usiku, baada ya kutoka sokoni, naye ndiye aliyeviweka jikoni kwa sababu alikuwa amechoka. Wanawe wana mikono sita baina yao. Anayecheza ndiye asafishaye, siku hiyo hiyo, kabla ya chakula cha jioni, na asiyesafisha zamu yake impite. Mkubwa aliyevinunua kwa jasho lake awe msimamizi, kwa kuwa yeye ajua viligharimu mizigo mingapi.

Na baba, ambaye twajua hasira yake imetokana na kuuona mguu wa mwanawe ukiugua, twamwomba awape miezi mitatu. Ikiwa viatu vitakuwa safi, vikavu na vilivyoshonwa, na mguu wa mdogo umepona, basi vijana watakuwa wamejifunza utunzaji ambao utawafaa hata siku watakapokuwa na nyumba zao. Mama na atuandikie tena mvua zitakapokwisha, atueleze viatu vimefikia wapi.