Nani Kamfuta Mtema?

"Kaka, siku hizi marejeleo hayaandikwi. Yanabonyezwa."

Maneno hayo kanambia mshikaji wangu mmoja, msomi wa mwaka wa tatu, tukiwa tumekaa Ifakara tunangoja basi la kwenda Mlimba. Kafungua laptopu yake, kabonyeza mara mbili, na papo hapo ikateremka orodha ndefu ya vitabu, A mpaka Z, nukta mahali pake, mkato mahali pake. Akaniangalia kama mganga aliyetoka kumtoa mtu jini. "Umeona? Utafiti mzima huo. Dakika moja."

Niliona, ndiyo. Ila nikamuuliza swali moja tu: hao wote umewasoma? Akacheka. Basi likaja, tukapanda, tukasukumana na magunia, na mpaka nashuka Mbingu jibu sijapata. Mbingu ya mpunga nasema, siyo ile ya malaika.

Sasa namjibu mwenyewe, na ninyi wasomaji mtakuwa mashahidi. Sitazunguka mbuyu. Programu za kupanga marejeleo ni chombo kizuri, lakini tumezigeuza kichaka cha kujifichia uvivu. Kumtaja aliyekupa neno ni adabu kabla ya kuwa ufundi. Ufundi mashine itakufanyia. Adabu je, nani atakubonyezea?

Nisije nikasingiziwa kwamba naogopa kompyuta. Tasnifu yangu ya kwanza niliiandika kwa mtindo wa daftari. Kila kitabu nilichosoma nakiandika kwa kalamu: mwandishi, mwaka, jina la kitabu, mchapishaji, mji, ukurasa. Masika yakaingia. Na masika ya kwetu hayana utani, milima ya Udzungwa iko mgongoni na maji yote yanatushukia sisi. Daftari likaloa ndani ya begi, wino ukachuruzika, kazi ya miezi ikawa uji. Nilirudi maktaba kuanza upya. Vitabu vitatu sikuvipata tena, na hoja zilizovitegemea nikazifuta kwa mkono wangu mwenyewe huku roho inauma. Mtu aliyepitia hapo hawezi kuidharau programu.

Kwa asiyezijua, zipo kadhaa. EndNote ipo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na ni ya kununua. Zotero ilitoka mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason huko Marekani, na ni ya bure. Mendeley ikafuata muda mfupi baadaye, na mwaka 2013 ikanunuliwa na Elsevier, jitu la biashara ya majarida ya kitaaluma. Kazi yao ni moja. Kila kitabu au makala unaijazia taarifa zake mara moja, kama kadi za maktaba za zamani. Ukiwa unaandika, unaiambia ichomeke jina na mwaka hapa, na pale, na pale. Mwisho inakutolea orodha nzima. Mhadhiri akibadili mawazo, akataka mtindo mwingine, huna haja ya kukesha, unachagua mtindo na kila kitu kinajipanga upya. Tena hiyo ya bure, ukishaiweka kwenye mashine yako, inafanya kazi hata siku ambayo huna bando. Kwa mwanafunzi maskini ni neema, nani anabisha?

Lakini njooni kwenye bonde letu.

Mwaka 1935 kilichapishwa London kitabu kiitwacho Ubena of the Rivers. Kinahusu Wabena wa bonde hili, ambalo siku zile lilijulikana zaidi kwa jina la Ulanga. Waandishi wake ni A. T. Culwick, ofisa wa serikali ya kikoloni, na mkewe G. M. Culwick. Mtu anayetaka kuandika historia ya Kilombero hawezi kukikwepa. Sasa kifungue ukurasa wa jina, usome mpaka chini. Utakuta kumeandikwa kwamba ndani yake imo sura ya Mtema Towegale Kiwanga. Mtema, yaani mtawala wa hao hao Wabena. Mwaka 1935, katikati ya ukoloni, mwenye nchi kaandikiwa jina lake kwenye ukurasa wa mbele wa kitabu cha London!

Nilipokiingiza kitabu hicho kwenye programu, taarifa zilizovutwa kutoka mtandaoni zilikuja na watu wawili: Culwick na Culwick. Nikatafuta juu, nikatafuta chini, Mtema hayumo. Nikarudi kwenye tasnifu na makala zilizowahi kunipita mikononi. Culwick na Culwick, 1935. Ukurasa baada ya ukurasa. Yaani wajukuu wa bonde wanaandika habari za babu zao, wanamkaribisha bwana shauri na mkewe sebuleni, babu mwenyewe wanamwacha mlangoni na kofia mkononi.

Nani kamfuta? Msiniambie programu. Programu haimjui Mbena wala Mngoni wala Mndamba. Ilipewa majina mawili, ikatunza mawili. Aliyemfuta ni mtu wa kwanza aliyejaza fomu kwa haraka, akasaidiwa na kila aliyekuja nyuma yake akanakili bila kufungua kitabu. Zamani kosa la namna hiyo lilitembea kwa miguu, kutoka tasnifu moja hadi nyingine. Leo linapanda ndege, na linashuka likiwa limevaa suti: nukta mahali pake, mkato mahali pake. Nani atalishuku?

Jambo la pili ni majina yenyewe. Programu hizi zilizaliwa kwa watu wenye jina la kwanza na jina la ukoo, kwa hiyo zinakuuliza: la ukoo ni lipi? Haya, mjazie Mwana Kupona binti Msham, aliyetunga utendi wake mwaka 1858. Usipoangalia, atatoka "Msham, M. b." na mwanamke mzima anageuka baba yake. Mjazie Muyaka bin Haji, atatoka "Haji, M. b." Shaaban Robert tumeshamzoea akiwa "Robert, S.", kana kwamba Robert ni ukoo wa watu fulani wa Ulaya. Na dawa ipo, wala haitaki fundi. Kwenye Zotero, pembeni ya nafasi ya jina, kuna kitufe kinachounganisha sehemu mbili ziwe moja, jina likabaki zima. Kwenye EndNote unaweka mkato mwishoni mwa jina zima. Sekunde tano! Kwa nini hatufanyi? Kwa sababu tumeambiwa yanabonyezwa.

Hapo sijaigusa lugha. Unasoma tasnifu ya Kiswahili, imeandikwa vizuri, halafu ukifika kwenye marejeleo unakutana na vifupisho vya Kilatini na maneno ya Kiingereza yamejipanga kama askari wa kukodi. Tuna "uk.", tuna "mh.", tuna "na wenzake", tuna "k.h.j." ya kama hapo juu. Vimetumika kwenye maandishi ya Kiswahili kabla wengi wetu hatujazaliwa. Mashine haikutukataza kuvitumia. Tumeacha wenyewe.

Na hilo neno "wenzake" nalo tulitazame. Mwaka 2001 jarida la Lancet la Uingereza lilichapisha utafiti uliofanyika hapa hapa, Kilombero na Ulanga, juu ya vyandarua vyenye dawa. Ulionyesha kwamba matumizi ya vyandarua hivyo yaliendana na ongezeko la asilimia 27 katika kunusurika kwa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Ni kazi kubwa, imetajwa duniani kote. Kwa kawaida utaiona imeandikwa "Schellenberg na wenzake". Wenzake akina nani? Ni kundi zima la watu, wakiwamo Salim Abdulla, Rose Nathan na Hassan Mshinda. Abdulla na Mshinda kila mmoja kwa wakati wake alikuja kuiongoza taasisi ya utafiti ya Ifakara. Sidai tuandike majina yote katika kila sentensi, maana kufupisha kuna sababu zake. Nadai orodhani waingie wote, na wewe unayewataja uwajue. Kijana wa Ifakara akikua anasoma "Schellenberg na wenzake" ataamini kwamba sayansi ni ya wageni, na sisi kazi yetu ilikuwa kulala ndani ya chandarua.

Mtaniambia: wazee wetu hawana vitabu, tuwaweke wapi? Basi sikilizeni. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu pale Dar es Salaam, kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walitawanyika vijijini kuwahoji wazee waliokumbuka Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Walikuwa vijana kama sisi. Kompyuta hawakuwa nayo. Walikuwa na kalamu, karatasi na subira. Karatasi zao zikapewa namba, zikapangwa, na mkusanyo ukatolewa mwaka 1969. John Iliffe alipochapisha historia yake ya Tanganyika mwaka 1979, alizitaja karatasi hizo kwa namba zake, bega kwa bega na nyaraka za Wajerumani. Mzee wa kijijini aliingia kwenye tanbihi moja na gavana. Huo ndio upangaji wa marejeleo, jamani, na ulifanywa bila kubonyeza kitu.

Na leo? Mtindo wa APA, unaopendwa sana vyuoni, unasema mazungumzo binafsi yatajwe ndani ya matini tu, yasiingie kwenye orodha ya mwisho. Tukapata kisingizio. Bibi kakaa nawe asubuhi tatu, kaacha kuanua mpunga wake, kakueleza mbegu zilizopandwa kabla ya reli ya TAZARA kupita, mafuriko ya mwaka gani yalichukua nini. Kwenye tasnifu anatokea hivi: "mwanamke mmoja kijijini alisema". Mmoja! Asiyetaka jina lake litajwe aheshimiwe, hiyo ni haki yake. Lakini ulimuuliza? Hizo programu zina mahali pa kuweka mahojiano: jina, tarehe, mahali. Nafasi ipo. Iko wazi kwa sababu hatukuijaza.

Ninyi watunzi mnaocheka pembeni, nanyi msijione mmepona. Najua mnasema: sisi ni watu wa hadithi na mashairi, marejeleo ni ya maprofesa. La hasha! Hadithi uliyopewa na shangazi ukaipeleka mashindanoni kwa jina lako peke yako, ile ni nini? Mashairi ya ngoma uliyoyasikia msibani, ukayageuza kidogo, ukapigiwa makofi mjini, yale ni ya nani? Sisemi hadithi iwekewe tanbihi. Nasema uwe na mahali, daftari au programu, ulipoandika: hili kanipa fulani, siku fulani, tukiwa mahali fulani. Siku ukiulizwa usimung'unye maneno.

Tena jambo hili sasa lina haraka, kwani imeingia akili mnemba. Hii haikosei jina tu, inaweza kuzaa mtu ambaye hajawahi kuzaliwa, ikamtungia na kitabu. Mwaka 2023 mahakama moja ya New York iliwatoza faini ya dola 5,000 mawakili waliopeleka hoja zenye kesi ambazo hazikuwepo, zilizobuniwa na ChatGPT. Mawakili wale, watu wazima na suti zao! Programu yako ya marejeleo itampokea mzuka huyo kwa heshima zote na kumpanga kwa alfabeti. Fikirini kichekesho hicho: mzuka anapata nafasi orodhani, Mtema aliyeishi na kuandika hana.

Kwa hiyo, vijana wenzangu, mimi sitaki mzitupe hizo mashine. Wekeni, tena leo. Lakini kitabu kisiingie kabla hujakishika au kukifungua ukaona ukurasa wa jina kwa macho yako. Jina la mtu liandikwe kama alivyoitwa na wenzake. Mwenye sura ndani ya kitabu cha mwingine apewe kadi yake peke yake. Na bibi aliyekufundisha aingie kwa jina lake, kama karidhia.

Na wewe mshikaji wangu wa kwenye basi, najua utalisoma hili. Fungua laptopu. Tafuta Culwick, 1935. Ongeza kadi mpya, chagua sura ya kitabu, na kwenye nafasi ya mwandishi andika, herufi kwa herufi, kwa vidole vyako: Mtema Towegale Kiwanga.

Halafu ndiyo ubonyeze.